Droo ya Tatu

Nilikabidhiwa ufunguo mmoja na kabati la chuma.
Droo ya kwanza: fomu za wizara, nakala nne nne.
Ya pili: namba za hospitali, za polisi, za padri,
na ya mama mmoja wa mtaa wa Playa Norte,
pembeni kwa kalamu nyekundu: huyu hupokea hata usiku wa manane.
Ya tatu ilikwama. Nikaipiga teke.
Soksi.

Soksi za sufu, jozi thelathini na kitu,
za kijivu, za buluu, moja ya kijani yenye kiraka cha njano.
Nikajiuliza, bibi huyu alikuwa mshauri nasaha
au mchuuzi?

Yerka Oyarzo, miaka ishirini na sita katika chumba hiki
kilichokuwa stoo ya mipira; harufu ya mpira haijahama.
Amestaafu, amekwenda kwa dada yake kisiwani.
Hakuniachia barua. Aliacha daftari.

Nililisoma mwezi Juni, hapa Punta Arenas,
jua linapochomoza saa nne asubuhi
na kabla ya kumi na mbili jioni limeshachoka.
Nilitarajia siri: majina ya baba, chupa, mikanda.
Nikakuta:

Jumatatu. B. amekaa. Hakusema.
Jumatatu. B. amekaa. Amekula biskuti mbili.
Jumatatu. B. hakuja. Nimekwenda kwao. Yuko.

Yuko.
Mimi niliyefunzwa Santiago kujaza
tatizo, hatua, matokeo,
nililikodolea macho neno lile
kama mgeni aliyefika nyumba isiyo na kengele.

Wiki ya pili akaingia Ítalo Barría, kidato cha tatu,
viatu vinatema maji kila hatua.
Nikamwambia karibu, unajisikiaje leo,
chumba hiki ni salama, na kadhalika.
Aliyaacha maneno yangu yapite
kama mabasi yasiyokwenda kwao.
"Soksi bado zipo?"

Alichagua ile ya kiraka.
Akabadili taratibu, amenipa mgongo,
na akiwa bado anahangaika na kamba ya kiatu akasema:
"Ndugu yangu halali siku hizi.
Anakaa kitandani usiku kucha, viatu miguuni."

Fomu yake ilikuwa mbele yangu.
Mtoto wa pekee.

Nikaifunika fomu kwa kiganja.
"Na viatu hivyo, anataka kwenda wapi?"
"Gatini."
"Kufanya nini?"
Dirisha likatikisika. Hapa upepo una mikono,
kuna siku watu wazima hushika kamba zilizofungwa barabarani
ili wavuke.
Nikamuuliza wazi, bila kuzunguka,
hilo chuo kilinifunza vizuri, nakishukuru:
"Ndugu yako anafikiria kufa?"

Kimya kirefu. Nilisikia mipira isiyokuwepo ikidunda.

"Mara moja moja," akasema. Kisha:
"Hana ndugu. Ni mimi."
"Najua."
"Ulijua?"
"Nilidhani. Asante kwa kuniambia."

Nikamwambia hili siwezi kulibeba peke yangu,
wala yeye, na kwamba tutapiga simu
akiwa hapo hapo kwenye kiti, akisikia kila neno.
Alikataa. Tukakaa. Biskuti moja. Akakubali.
Droo ya pili nayo hufunguka bila teke.

Mama yake alitoka kiwanda cha kaa na mabuti yake marefu,
chumvi imemkauka mikononi,
akasimama mlangoni hajui aanze kumgusa wapi.
Akamgusa kichwani.
Hospitali waliwapokea usiku ule ule.

Tangu hapo ni Alhamisi na Alhamisi.
Nyingine husema mengi, nyingine hunidai biskuti tu.
Naandika kwa kalamu ya risasi: Í. yuko.
Wizara wanauliza matokeo yako wapi.

Droo inapungua.
Nimenunua sindano mbili na uzi mweusi, aliouomba yeye.
Nafuma usiku, vibaya.
Kisigino kinanishinda.